Uzi: Wakimbizi, Jubaland na mstari wa bahari. Tutenganishe sheria na tangazo

Kaskazini ya Kiwayu

Assalaam alaykum wanajamvi. Kila Nairobi na Mogadishu zinapokosana, maswali hapa Lamu huwa yale yale. Kambi zinafungwa? Waliokuja wanarudishwa? Mtu wa Chula au Koyama, visiwa vya kusini mwa Somalia, aliyeshuka Kiunga na watoto aende wapi? Majibu yanayozunguka barazani aghalabu yametoka kwenye tangazo la waziri katika habari za usiku, hayakutoka kwenye sheria. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja, na anayeumia yakichanganywa ni yule asiye na karatasi.

Naanza na tarehe.

Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia kwa Operesheni Linda Nchi, wiki chache baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda. Sababu iliyotajwa ilikuwa kulinda pwani na utalii. Lengo la muda mrefu lilikuwa kupata eneo la kinga kati ya mpaka wetu na al-Shabaab, yaani Jubaland, jimbo la kusini mwa Somalia. Kismayu ilichukuliwa mwaka 2012, Ahmed Madobe akashika uongozi mwaka uliofuata, na tangu hapo Nairobi imesimama naye. Na serikali ikishakuwa na eneo la kinga, haichukui muda kusema kwamba wakimbizi sasa wana pa kurudi. Novemba 2013, wiki chache baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi, Kenya, Somalia na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zilitia saini mkataba wa pande tatu wa kurudi kwa hiari.

Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, UNHCR ilipewa miezi mitatu iondoe Dadaab, mkusanyiko wa kambi za wakimbizi huko Garissa. Haikuondoka. Aprili 2016 serikali ilifuta utaratibu wa kuwatambua Wasomali kuwa wakimbizi kwa jumla, uliokuwapo tangu vita vya 1991. Mwezi uliofuata ikatangaza Dadaab inafungwa. Angalieni wakati: Machi mwaka huo huo Ulaya ilikuwa imekubaliana na Uturuki kuilipa ili iwazuie wakimbizi. Nairobi iliona kwamba mkimbizi ana uzito kwenye meza ya mazungumzo. Februari 2017 Mahakama Kuu ikabatilisha amri ile ya kufunga, kwa kuwa ililenga watu wa taifa moja na haikufuata utaratibu wa haki wa Katiba.

Kisha 2021. Kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya ilisikizwa The Hague katikati ya Machi, Kenya ikakataa kuhudhuria. Siku chache baadaye UNHCR ikapewa siku 14 kuleta mpango wa kufunga Dadaab na kambi ya Kakuma. Hakukuwa na shambulio la ukubwa wa Westgate au Garissa wiki ile la kueleza haraka hiyo. Kilichokuwapo ni ugomvi wa bahari na uhusiano wa kibalozi ambao Somalia ilikuwa imeuvunja Desemba 2020. Mwezi wa Aprili mahakama ikazuia amri ile kwa muda. Tarehe ya mwisho iliyowekwa baadaye, 30 Juni 2022, ikapita kambi zikiwa mahali pake.

Hata hivyo msiseme matangazo hayana athari. Kambi mbili za Dadaab zilifungwa: Kambioos 2017, Ifo 2 mwaka 2018. Zaidi ya watu 80,000 walirudi Somalia chini ya mpango wa hiari, na wengine wao walikuta vita na ukame vile vile, wakarudi Dadaab bila kadi. Usajili wa wapya ulisimama miaka mingi. Mtu aliyeingia 2017 na aliyeingia 2010 huenda wanakaa hema moja, lakini mmoja ana namba na mwingine hana. Tangazo lisipofunga kambi, hufunga dirisha la usajili.

Maslahi ya Kenya upande ule, kwa jinsi ninavyoyapima: kwanza Jubaland ibaki mikononi mwa anayeelewana na Nairobi, pili bahari, tatu bandari ya Lamu na njia ya Ethiopia, nne biashara, ikiwemo miraa, ambayo Somalia iliifungia Machi 2020 na kuifungulia Julai 2022, tano fedha na heshima inayopatikana kwa kuwapokea wakimbizi na kupeleka askari kwenye misheni za Umoja wa Afrika. Haya hugongana. Mogadishu, ambayo Nairobi inahitaji ridhaa yake kwa miraa na bahari, ndiyo hiyo hiyo isiyomtaka Madobe. Ndiyo maana sera inayumba.

Wenye ujuzi wa pande nyingine waongezee. Naomba tushikamane na lenye hakika.

Binti Shela

Waalaykum salaam ami. Shukrani kwa tarehe. Mimi nataka upande wa vitendo. Tuseme mama ameshuka Kiunga au Mkokoni na watoto watatu, ametoka Kismayu au visiwani, hana pasipoti. Siku ya kwanza anafanya nini, na nani ana haki ya kumkamata?

Kaskazini ya Kiwayu

Bi Shela, sheria inayotumika ni Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kazi Februari 2022 ikachukua nafasi ya ile ya 2006.

Anatakiwa ajitokeze mwenyewe na kusema anaomba hifadhi mara anapoingia, au kwa vyovyote ndani ya siku 30. Anaweza kumwambia ofisa wa wakimbizi. Kama hayuko karibu, na Kiunga kwa kawaida hayuko, amwambie polisi au chifu, naye ana wajibu wa kumwelekeza kwa ofisa huyo. Neno la kutamka ni "naomba hifadhi". Akisema "nimekuja kwa ndugu zangu" au "natafuta kazi", askari atamwandika kama mhamiaji asiye na kibali, na kutoka hapo kesi inakwenda njia nyingine kabisa. Wengi huanguka hapa. Ndugu anayempokea humshauri anyamaze, ajifanye wa Kizingitini, mpaka siku 30 zinapita.

Zikipita asikate tamaa. Aeleze kilichomchelewesha: ugonjwa, njia kufungwa, kutojua. Lakini kila siku anayoongeza humpunguzia nguvu.

Kuingia bila pasipoti peke yake si kosa la kumfunga anayeomba hifadhi, mradi ajitokeze. Na hawezi kurudishwa anakohofia kuuawa au kuteswa. Hilo limo katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliingia 1966, limo katika mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, na Katiba yetu kifungu cha 2(6) inasema mikataba tuliyoridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Ule wa 1969 ndio unaowafaa wengi wa kusini mwa Somalia, kwa kuwa haumtaki mtu athibitishe kwamba anawindwa yeye binafsi. Unamtosheleza aliyekimbia vita au vurugu kubwa zilizovuruga utulivu wa sehemu ya nchi yake.

Akifika kwenye usajili huchukuliwa alama za vidole, picha na majina ya familia yote. Hapa nasisitiza mambo mawili. Kila mtoto aandikwe, hata mchanga wa siku saba, maana kumwongeza baadaye ni mzunguko wa miezi. Na majina yaandikwe kwa mpangilio mmoja: akisema jina lake, la baba na la babu, asije siku ya pili akatumia la ukoo. Wabajuni, Waswahili wa pwani na visiwa vya pande zote mbili za mpaka, wengi wamekwama kwa hili. Ofisa wa Kisomali huandika jina kwa tahajia ya Kisomali, wa bara akaandika kwa tahajia yake, na kompyuta inaona watu wawili.

Atapewa pasi ya mwombaji hifadhi. Hiyo bado si hadhi ya ukimbizi, ni ushahidi kwamba ombi linashughulikiwa. Baadaye anaitwa mahojiano. Akikataliwa ana siku 30 za kukata rufaa kwa kamati ya rufaa, na baada yake kuna Mahakama Kuu. Barua ya kukataliwa iwe kwa maandishi na yenye sababu. Akiambiwa tu dirishani "rudi mwezi ujao", aombe karatasi.

Lamu si eneo lililotengwa kwa wakimbizi, kwa hiyo mara nyingi ataelekezwa Dadaab. Akishasajiliwa huko, kutoka nje ya eneo kunahitaji pasi ya safari. Basi la Garissa lina vizuizi vingi, na pasi iliyopitwa na siku moja inatosha kumlaza kituoni.

Mkulima wa Hindi

Mimi nitasema lisilopendwa. Mpeketoni Juni 2014 waliuawa zaidi ya watu 60. Januari 2022 Widho nyumba zilichomwa na watu wakachinjwa. Januari 2020 kambi ya Manda ilishambuliwa, Wamarekani watatu wakafa. Watu wa Pandanguo, wa Majembeni, wa Juhudi wamelala shuleni na watoto wao kwa majuma. Hao hawana UNHCR, hawana kadi, hawana mgao. Mnapomfungulia anayetoka ng'ambo ya mpaka, wa kwetu anaandikwa wapi? Na mnajuaje kati ya wanaoshuka hakuna mwenye bunduki?

Mwalimu wa Langoni

Swali la Mkulima ni la haki, nalijibu kwa sehemu mbili.

Waliohama Pandanguo na Widho si wakimbizi kisheria kwa sababu hawakuvuka mpaka. Ni wakimbizi wa ndani, na wana sheria yao ya mwaka 2012. Sheria hiyo inaitaka serikali iwalinde wasihamishwe ovyo, iwasaidie wakiwa wamehama, na itafute suluhisho la kudumu: kurudi, kubaki walipo, au kupelekwa kwingine kwa ridhaa yao. Tatizo la Lamu ni orodha. Watu hulala shuleni wiki tatu, chifu huandika majina kwenye daftari, shule ikifunguliwa wanaambiwa warudi, na daftari halifiki popote. Bila orodha iliyogongwa muhuri, mwaka mmoja baadaye huwezi kudai fidia ya nyumba wala ya mahindi. Kamati ya kijiji iandike orodha yake siku ile ile: jina la mkuu wa nyumba, namba ya kitambulisho, idadi ya watu, namba ya shamba kama ipo, kilichoteketea na picha yake. Nakala moja kwa naibu kamishna wa kaunti, moja ibaki kijijini, na ile ya kijijini igongwe muhuri wa kupokewa. Mgao ukija, mwenye nakala ya namna hiyo ndiye mwenye pa kuanzia.

Sehemu ya pili, mwenye bunduki. Sheria ya kimataifa haimpi mpiganaji hifadhi ya ukimbizi. Lazima kwanza aweke silaha na aache upiganaji kwa dhati, athibitike hivyo, ndipo ombi lake lisikizwe. Na aliyetenda uhalifu wa kivita au mauaji ya raia anatolewa kabisa kwenye hifadhi. Tuliliona kwa macho Desemba 2024, majeshi ya Jubaland na ya serikali ya shirikisho yalipopigana Ras Kamboni kwa sababu ya uchaguzi wa Madobe. Mamia ya askari wa shirikisho walivuka hadi upande wa Ishakani, wakanyang'anywa silaha. Wale hawakuwa wakimbizi, walikuwa askari wa nchi nyingine ndani ya Kenya, na utaratibu wao ni kupokonywa silaha, kuwekwa mbali na mpaka na kurudishwa kwa mazungumzo ya serikali.

Na ndipo linapojitokeza analosema mleta uzi. Nchi inayomuunga mkono mmoja wa wapiganaji haiwezi kuonekana mpokeaji asiye na upande. Mandera Machi 2020 ilikuwa hivyo hivyo: vikosi vya Jubaland na vya shirikisho vilipigana hatua chache kutoka mji wetu, raia wa Kenya wakahama nyumba zao, na Mogadishu ikailaumu Nairobi. Msimamo wa Kenya kuhusu Jubaland una faida ya kuwaweka al-Shabaab mbali na Kiunga kwa kiasi fulani, sikatai. Gharama yake hulipwa Mandera na Ishakani.

Kumchunguza anayeingia kunawezekana akisajiliwa: vidole, picha, mahojiano. Anayefichwa chumbani kwa mjomba hachunguzwi na mtu. Usajili uliofungwa haukuipunguzia Lamu hatari hata kidogo.

Mkulima wa Hindi

Nimeelewa upande wa orodha, Mwalimu. Hilo la muhuri nitalifikisha kwa wenzangu. Upande wa usajili nakubali nusu. Usajili uwe hapa Lamu, ofisa akae Kiunga, si kumwambia mama atafute gari mpaka Garissa kupitia barabara yenye mabomu.

Nahodha Kizingitini

Naomba mtu aeleze mstari wa bahari kwa lugha ya chombo. Vijana wavuvi wa kamba huku wanaambiana mambo tofauti: wengine wanasema mpaka umeshuka hadi Kiwayu, wengine hakuna kilichobadilika.

Kaskazini ya Kiwayu

Nahodha, wote hao wamekosea.

Kenya ilikuwa ikidai mstari unaokwenda mashariki moja kwa moja kwa kufuata latitudo, kama ule tulio nao na Tanzania. Somalia ilidai mstari wa katikati, ulio sawa kwa umbali kutoka pwani zote mbili. Pwani yetu inalala kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, kwa hiyo mstari wa katikati hukimbilia kusini-mashariki na kuifinya Kenya. Katikati ya madai hayo mawili kuna eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100,000, na ndani yake makampuni yalikwisha kugawiwa vitalu vya mafuta na gesi. Ndiyo sababu shauri hili halikuwa la samaki tu.

Kenya ilijitetea kwamba Somalia ilinyamaza tangu tamko la Rais la 1979, na kunyamaza ni kukubali. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu ya 12 Oktoba 2021, ilisema kunyamaza kule hakutoshi, hasa kwa nchi iliyokuwa vitani sehemu kubwa ya miaka hiyo. Hapo wengi hushangaa, lakini mpaka wa bahari hauthibitiki kwa urahisi bila makubaliano yaliyo wazi.

Sasa kwa chombo. Ndani ya maili 12 za bahari kutoka pwani, mstari ni wa katikati kabisa, unaanzia karibu na nguzo ya mpaka namba 29 hapo juu ya Ishakani na kwenda kusini-mashariki. Baada ya maili 12 mahakama iliusogeza mstari kidogo kaskazini kwa faida ya Kenya, kwa sababu pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja imejipinda ndani na Kenya iko katikati ikibanwa pande zote. Kutoka hapo mstari unakwenda kwa nyuzi 114 za kaskazini ya kweli. Mashariki kamili ni 90, basi ni nyuzi 24 kusini ya mashariki. Kwa hesabu nyepesi, kila maili 10 unazokwenda juu ya mstari huo unashuka kusini maili 4. Ukifika maili 50, umeshuka 20.

Anayevua Kiwayu, Mkokoni, Ndau, na mwambani mwa hifadhi ya Kiunga, ndani ya mwamba, hajaguswa. Anayekwenda kina kirefu nje ya Kiunga, maili 15 au 20, ndiye wa kuangalia. Zamani ukiwa usawa wa Ishakani kwa latitudo ulijihesabu salama mpaka mbali. Sasa ukiwa latitudo hiyo hiyo maili 15 nje, uko ng'ambo.

Jipiesi (GPS) iwekwe kwenye WGS 84, ndicho kipimo cha hukumu. Simu na mashine za mkono nyingi zimewekwa hivyo tangu dukani, lakini ukinunua iliyotumika, fungua mpangilio uangalie, kwa sababu kipimo cha zamani huweza kukutupa mita mia kadhaa. Na usipime nyuzi 114 kwa dira ya sumaku bila kusahihisha.

Jambo la mwisho kuhusu hili: Kenya ilitangaza kuikataa hukumu. Kisheria hukumu ya mahakama ile haina rufaa. Kivitendo hakuna alama baharini, na pande mbili hazijakaa kuuchora pamoja. Kwa hiyo mvuvi anaweza kukamatwa na upande mmoja mahali ambapo upande wa pili unamwambia ni kwake. Chukua leseni ya uvuvi, cheti cha chombo na vitambulisho vya mabaharia wote. Baharia asiye na kitambulisho ndiye huzua balaa, kwa sababu boti ikishikwa yeye huhesabiwa mgeni na wenzake huhesabiwa wasafirishaji haramu.

Nahodha Kizingitini

Ahsante sana. Mstari wa nyuzi 114 nitauchora kwenye boti.

Mpwani wa Malindi

Ami, umetaja Chula na Koyama halafu ukapita haraka. Watu wa huku Malindi wanakumbuka kambi ya Marafa, na Mombasa palikuwa na Jomvu ya Wabajuni, Utange, na nyinginezo zilizofunguliwa 1991 na 1992, zote zikafungwa miaka ya tisini. Wabajuni waliotoka mle wengi hawakuenda Kakuma. Walibaki Mombasa na Malindi, na wengine baadaye wakaomba hifadhi Uingereza, wakakwama kwenye jaribio la lugha. Hilo linastahili kuelezwa, kwa sababu bado kuna vijana wanaliendea bila kujua.

Kaskazini ya Kiwayu

Umenikumbusha vizuri.

Mtu akifika Uingereza akasema ni Mbajuni wa Somalia, swali la kwanza la ofisa ni: wa Somalia au wa Kenya? Mbajuni wa Kiunga na wa Chula ni ndugu, koo ni zile zile, mpaka uliwekwa na Muingereza na Mtaliano. Basi ofisa hutumia lugha. Mwombaji hupigiwa simu, huzungumza kama dakika ishirini au thelathini, hurekodiwa, na mchambuzi huandika kama matamshi na msamiati ni wa kusini mwa Somalia au wa Kenya.

Kinachokwenda kombo ni hiki. Mtoto aliyetoka Chula akiwa na miaka mitatu na kukulia Jomvu anazungumza Kimvita. Anasema "tatu" pale ambapo bibi yake anasema "chachu". Akiongea na mgeni kwenye simu husanifisha zaidi, kwa adabu: mtu wetu akizungumza na asiye wa kwao huacha lafudhi ya nyumbani. Mkalimani naye akiwa wa Dar es Salaam au Nairobi, mwombaji humfuata. Ripoti inatoka "Kenya". Na Kisomali? Wabajuni wengi wa visiwani, hasa wanawake, walikijua kidogo tu, lakini ofisa huona ajabu kwamba mtu wa Somalia hajui Kisomali.

Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2014 iliweka mipaka: ripoti ya lugha ni ushahidi unaoruhusiwa, lakini mchambuzi abaki kwenye lugha. Asijipe kazi ya kuhukumu ujuzi wa mwombaji kuhusu nchi kama hana utaalamu huo, na jaji apime ushahidi wote kwa pamoja. Kwa hiyo anayejiandaa aseme mapema, kabla ya jaribio, alikulia wapi na kwa miaka mingapi, nani alimlea, nyumbani waliongea nini. Aombe mkalimani wa Kibajuni kwa maandishi. Azungumze kama anavyozungumza na mamake. Asikariri orodha ya visiwa: maofisa wameisikia mara elfu, na anayekariri hujikwaa akiulizwa maji ya kunywa yalitoka wapi, au upepo wa kusi vyombo vilifichwa upande gani wa kisiwa. Kama hakumbuki kwa sababu alikuwa mtoto, aseme alikuwa mtoto.

Nami naliona jambo hili kwa uchungu. Wabajuni wa bara ya Lamu walivunjiwa vijiji wakati wa vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, na mashamba yao wengi hawakuyapata tena. Wa Somalia wakafukuzwa 1991. Ni watu wale wale, na nchi mbili zinawatumia kuthibitisha kwamba ni wa upande wa pili.

Binti Shela

Kuna lingine. Mkenya aliyeolewa na mkimbizi, mtoto ni nani? Na nasikia sasa Somalia imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mtu arudishe tu kadi ya ukimbizi akae kama Mtanzania.

Mwalimu wa Langoni

Bi Shela, la mtoto ni jepesi. Katiba kifungu cha 14: mama au baba akiwa raia wa Kenya siku mtoto anapozaliwa, mtoto ni raia kwa kuzaliwa. Haijalishi kazaliwa hospitali ya King Fahd hapa Lamu au kambini Ifo. Muhimu ni cheti. Pelekeni taarifa ya kuzaliwa ndani ya miezi sita, kitambulisho cha mzazi Mkenya kikiwa mkononi. Kosa linalofanyika kambini ni kumwandikisha mtoto huyo kwenye kadi ya chakula ya baba. Akifika miaka 18 vidole vyake vinasoma "mkimbizi", na kitambulisho kinakwama. Maelfu ya Wakenya wa Garissa na jirani zake wamekaa hivyo tangu wazazi wao walipowaandika wakati wa njaa, na ilibidi shauri lao lifike Mahakama Kuu Garissa. Kilo chache za unga zilimgharimu mtoto uraia wake kwa miaka kumi na zaidi.

Mume naye hawi raia kwa ndoa peke yake. Anaweza kuomba baada ya miaka saba ya ndoa.

La Jumuiya, tahadhari. Ni kweli Somalia ilikubaliwa Novemba 2023 na ikakamilisha uanachama Machi 2024. Ni kweli pia Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya kuacha hadhi yake kwa hiari ili apate manufaa ya mkataba. Lakini akishaiacha, kinga dhidi ya kurudishwa imeondoka nayo. Anakuwa mgeni wa kawaida mwenye kuhitaji pasipoti ya Somalia na kibali. Na nchi kuingia kwenye Jumuiya hakumaanishi kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza kumhudumia raia wake siku hiyo. Mwenye kazi na pasipoti ya kweli anaweza kupiga hesabu. Mama asiye na pasipoti asithubutu.

Anayetaka kufanya kazi bila kuacha hadhi, sheria inampa haki hiyo. Kibali ni cha daraja M, hakilipiwi, ila kinahitaji barua ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na barua ya mwajiri. Kinachokwamisha ni ile pasi ya safari: huwezi kwenda mahojiano ya kazi Mombasa ukiwa umefungiwa Dadaab. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unasema kambi zitageuzwa makazi ya pamoja ya wenyeji na wakimbizi. Fedha zake kwa sehemu kubwa zinategemea wafadhili, na mwaka huo huo mgao wa chakula kambini ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Mtu aliyepunguziwa chakula bila kufunguliwa njia ya kazi atatoka kambini bila pasi, na atakamatwa barabarani.

Mkulima wa Hindi

Na mpaka wa Kiunga, utafunguliwa au la? Maana Mei 2023 tuliambiwa Mandera, Liboi na Kiunga, kisha Julai ikaahirishwa.

Kaskazini ya Kiwayu

Iliahirishwa kwa sababu ya mashambulizi ya wiki zile, na lile lilikuwa tangazo tu toka mwanzo. Kituo cha mpaka hufunguliwa kwa ofisa wa uhamiaji kuketi na muhuri, mtu wa forodha kuwepo, daktari wa bandari, na notisi kwenye gazeti la serikali. Mkisikia tena kwamba Kiunga imefunguliwa, tumeni mtu aulize hayo manne. Na muulize la tano, ambalo Mkulima amelitaja: ofisa wa wakimbizi ana meza pale, au bado mama anatumwa Garissa?